Kopo la Nembo la Fundi Siwema

Hadithi hii haihusu nchi yetu. Nchi yetu naijua, imetulia, viongozi wake ni watu wa kauli moja, na mpira wake huchezwa uwanjani tu. Hii ni habari ya Jamhuri Tukufu ya Shangweni, iliyo mbali sana, nyuma ya milima ambayo wewe msomaji hujawahi kuiona na wala usihangaike kuitafuta. Ukiona jambo humu linafanana na la kwenu, ujue ni macho yako tu. Kapimwe.

Katiba ya Shangweni ina ibara moja iliyokamilika, nayo inasema kila raia ana haki ya kubishana kuhusu mpira. Ibara za maji, barabara na dawa bado zimo kwenye mchakato. Mchakato huo una miaka arobaini sasa na afya yake ni njema.

Kwa kuwa ubishi ndiyo haki pekee waliyonayo watu, Serikali iliona isiachwe holela. Kila kijiwe kikapewa Afisa Ubishi wa Kata. Kijiwe cha Mtaa wa Majani Mapana kilikuwa kwenye baraza ya Fundi Siwema Kirobo, mshona nguo, na afisa wake alikuwa Bwana Pazi, filimbi shingoni, fomu kwapani, muhuri mfukoni. Ukitaka kubisha unajaza fomu ya kubisha. Ukitaka kumpinga aliyebisha, fomu ya pili. Ukitaka kumtukana kidogo, unagongewa muhuri kwanza. Fomu ya kubadili mawazo haikuwapo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuyabadili.

Siwema alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye mwili wa kujaza kiti na ulimi wa kujaza mtaa. Alikuwa na mapenzi mawili duniani: cherehani aliyoirithi kwa mama yake, na Kisiki FC, timu ya mtaa wao. Marehemu mumewe aliwahi kumuuliza yeye yuko nafasi ya ngapi. Siwema akamjibu, "Ya tatu, baba Nuru, lakini tatu yenye heshima zake." Mume akaridhika, maana alijua msimamo wa ligi.

Sasa Kisiki ilikuwa imekaa daraja la pili miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka ilipoteza mechi ya mwisho, na mashabiki wakajitungia wimbo wa kujifariji: Kisiki hakihami! Mwaka huu, salale, kikahama. Kilimaliza nafasi ya pili, kikapewa mechi ya mchujo. Kikishinda kinapanda Ligi Kuu, kikifungwa kinarudi kulekule kuimba wimbo.

Na mchujo ulikuwa dhidi ya nani? Dhidi ya Radi ya Serikali. Radi ilikuwa na uwanja wa Serikali, basi la Serikali, na mwamuzi akikohoa kwenye mechi yake alikohoa kiserikali. Pamoja na yote hayo ilishika nafasi ya pili kutoka mkiani, kazi ambayo wataalamu wanasema si rahisi hata kidogo.

Utamu wa maneno ulikuwa kwa kocha. Kocha wa Kisiki, Mbaruku Hizza, ndiye aliyeifundisha Radi miaka tisa na kuipa vikombe vinne. Mwaka wa tisa akashika nafasi ya pili, wakamfukuza kwa barua ya mstari mmoja. Akakaa nyumbani akifuga bata hadi wazee wa Kisiki walipomfuata na kumwomba.

"Fundi, pole," Shomvi alimwambia Siwema Jumatatu asubuhi. Shomvi alikuwa na bucha upande wa pili wa barabara, na ndiye shabiki pekee wa Radi mtaa mzima. Alikuwa mtani wa Siwema kwa mpira na kwa kila kitu kingine.

"Pole ya nini? Mbona sijafiwa?"

"Pole ya Jumamosi. Mnakuja kucheza na baba zenu mkiongozwa na kocha wetu. Yule Mbaruku damu yake bluu, fundi. Akiiona jezi ya Radi machozi yatamtoka, awaambie vijana wenu watupasie sisi."

"Thubutu! Mlimtupa kama ganda la ndizi, leo mwamkumbuka?"

"Mke wa kwanza hasahauliki."

"Hasahauliki! Si ndiye aliyemfungashia virago?"

Baraza likalipuka kwa vicheko. Bwana Pazi akapuliza filimbi. "Fundi, hoja ya virago haimo kwenye fomu yako. Fomu yako inahusu beki namba tatu."

"Beki namba tatu atafunga goli," Siwema akasema kwa hasira. "Andika hivyo."

Bwana Pazi akaandika.

Lakini Siwema alicheka kwa mdomo tu. Kuna jambo aliliona, na hakulisema kijiweni.

Yeye ndiye aliyekuwa akishona nembo za wakubwa. Katika Shangweni viongozi huhama vyama kama watu wengine wanavyohama upande wa kivuli, na kila wakihama hutuma koti kwa Siwema abandue nembo ya zamani na kushona mpya. Nembo za zamani hazikuwahi kuuliziwa na mtu. Ila mama yake alimfundisha kwamba kitu cha mteja hakitupwi mpaka mwenyewe akiulizie, hata kiwe kifungo. Basi Siwema alizihifadhi zote kwenye kopo la samli, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Kocha Mbaruku naye alileta koti lake la mazoezi, nembo ya Radi ibanduliwe, ya Kisiki ishonwe. Siwema alipomaliza, kocha akanyoosha mkono. "Na ile ya zamani, fundi. Naiomba." Akaikunja kwenye leso, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Miaka thelathini ya kushona, mteja wa kwanza kuulizia nembo yake ya zamani! Siwema akakosa raha. Mtu anayetembea na picha ya mke wa kwanza kifuani, wewe mke wa pili utalala usingizi? Tena mke wa pili mwenyewe kasubiri ndoa miaka thelathini na mmoja.

Jumanne mchana redio ilikatiza muziki, na watu wakajua kuna jema linakuja, kwa sababu mabaya hayatangazwi Shangweni.

"Ndugu wananchi," ikasema sauti, "utafiti umebaini kwamba adui mkubwa wa maendeleo yetu si ukame, wala mafuriko, wala maradhi. Ni makocha wanaohama timu."

Bunge lilikuwa limepitisha sheria asubuhi hiyohiyo kwa dakika kumi na moja, nne kati yake zikiwa za makofi. Ilikuwa fupi, watu wakaishika palepale: Yeyote aliyewahi kuvaa nembo moja, kisha akaonekana na nembo nyingine, ni msaliti, na hatagusa jambo lolote la umma kwa miaka kumi. Kukaundwa Tume ya Taifa ya Kupima Uaminifu wa Makocha. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Daktari wa Heshima Kilangila, aliyechaguliwa, redio ilieleza, kutokana na uzoefu wake mkubwa katika masuala ya kuhama.

Kocha wa kwanza kuitwa? Mbaruku Hizza. Siku? Ijumaa. Akipatikana na hatia, Kisiki itahesabika haina kocha, timu isiyo na kocha haichezi, na Radi itabaki Ligi Kuu bila kugusa mpira.

Kijiwe kikanyamaza kimya. Bwana Pazi akapekua mkoba wake wote na asione fomu ya kunyamaza.

Siwema akamgeukia Shomvi. "Haya, shangilia. Si mmeshapita?"

Shomvi hakushangilia. Alikuwa ameshika kisu chake cha bucha amekisahau mkononi. "Nishangilie nini, fundi? Mimi nataka kuwafunga. Sitaki kupewa. Ushindi wa mezani nitamtambia nani? Nije hapa asubuhi niseme, 'Pole, fundi, tumewafunga kwa kifungu cha sheria'? Loh! Hata mbwa wangu atanicheka."

Siwema akataka kulia. Badala yake akamtukana kidogo, bila muhuri, na Bwana Pazi akajifanya hakusikia.

Alhamisi alasiri Bwana Pazi alikuja na mfuko mkubwa wa nailoni na fomu juu yake. Ndani mlikuwa na joho jeusi la Mwenyekiti wa Tume.

"Linatakiwa saa kumi na mbili," akasema. "Nembo ya chama cha Mheshimiwa ikae kifuani, ionekane kwenye televisheni."

Siwema akasoma fomu. Mahali palipoandikwa Chama cha Mheshimiwa palikuwa patupu.

"Chama kipi, Bwana Pazi?"

"Ah. Asubuhi alikuwa Kobe. Saa nne akaita waandishi wa habari. Saa hizi yupo kwenye mazungumzo."

"Sasa mimi nishone nini?"

"Soma nyuma, fundi. Fomu za Serikali zina majibu yote."

Siwema akaigeuza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Iwapo sehemu yoyote haikujazwa, fundi ajaze kwa mujibu wa kumbukumbu alizonazo.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu nilizonazo," Siwema akarudia taratibu.

"Ndivyo."

"Umeisoma mwenyewe hii?"

"Mimi kazi yangu kuileta." Akagonga muhuri, akaondoka.

Siwema akalishusha kopo la samli kutoka rafuni. Akachambua vikaratasi. Kilangila: Chama cha Sufuria. Kilangila: Chama cha Mwavuli. Kilangila: Chama cha Pilipili. Kilangila: Sufuria tena, baada ya kuombwa radhi. Kilangila: Sufuria Asilia. Kilangila: Chama cha Kandambili, siku tatu tu, hata uzi ulikuwa bado mpya. Kilangila: Saa ya Ukutani. Kilangila: Ngazi. Na Kobe, aliyefika mchana huu tu kubanduliwa. Tisa. Zilijaa meza.

Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Akaitazama cherehani ya mama yake, akaiona imepakiwa nyuma ya gari la polisi na gurudumu lake linazunguka lenyewe. Akazirudisha nembo kwenye kopo. Akafunga kifuniko. Nje vijana wa Kisiki wakapita wakikimbia mazoezi, jezi zao za kahawia alizozishona mwenyewe, na beki namba tatu akapunga mkono, "Shikamoo, fundi! Jumamosi!"

"Marahaba," akasema Siwema. Akafungua kifuniko.

Alikuwa kwenye nembo ya nne Shomvi alipoingia na kifurushi cha nyama. Mtani akatazama joho, akatazama kopo, akasoma vikaratasi viwili. Akachukua kigoda, akakiweka mlangoni, akakaa mgongo ukiziba mlango wote.

"Shona, fundi," akasema bila kugeuka. "Na ushone imara. Ukibakisha hata moja, nitakutania mpaka kaburini."

Siwema akashona mishono miwili miwili.

Ijumaa kikao kilifanyika uwanjani, kwa sababu hakuna ukumbi uliotosha watu waliotaka kuuona uaminifu. Lazima nieleze kidogo desturi ya kule. Mkubwa wa Shangweni hatazamwi chini ya kidevu, ni utovu wa adabu. Wanaomvisha humvisha wakitazama dari. Yeye mwenyewe hajitazami, maana ana watu wa kumtazamia. Hivyo Mheshimiwa Kilangila alitoka chumbani, akapanda gari, akashuka, akapita zulia, akapanda jukwaa, na hakuna aliyemwambia kitu. Nembo tisa zilimtambaa kutoka bega hadi tumboni. Mtangazaji wa televisheni alikwama kidogo, kisha akasema kwa sauti nene, "Mwenyekiti leo amependeza kwa nishani zake nyingi." Watu wa viti vya mbele wakapiga makofi.

Kocha Mbaruku akasimamishwa katikati, amevaa koti lake la Kisiki.

"Uliwahi kuvaa nembo ya Radi?" akauliza Mwenyekiti.

"Niliivaa miaka tisa, Mheshimiwa."

"Ukaivua."

"Nilivuliwa. Mlinifukuza kwa barua, ninayo."

Mwenyekiti akatabasamu kama mtu aliyemwona samaki amemeza ndoana. "Kukufukuza, tulikufukuza. Swali la Tume ni jingine. Nani alikuruhusu kuondoka?"

Makofi! Wajumbe wakasimama. Mmoja akafuta machozi kwa uzito wa hoja ile.

Mbaruku akangoja wakae. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, upande wa moyo, akatoa leso, akaikunjua. Ilikuwa ile nembo ya bluu.

"Sikuitupa," akasema. "Miaka tisa nimekula ugali wa watu hawa, nimelia nao, nimezika nao. Sina kinyongo. Lakini kesho vijana wa Kisiki watanitazama mimi usoni, na nitawafundisha kushinda vilevile nilivyowafundisha Radi. Nisipofanya hivyo nitakuwa nimewasaliti wote wawili. Mimi najua alikotoka Mbaruku, na najua alipo. Basi, sina zaidi."

Siwema, kwenye benchi la mashabiki, akahisi aibu imempanda hadi masikioni. Kumbe yule bwana hakuwa anatunza mahaba. Alikuwa anatunza adabu. Akajipiga kofi pajani. "Siwema mjinga wee!" akajiambia, na machozi yakamtoka waziwazi.

Mheshimiwa Kilangila akainuka kutoa hukumu. Akanyoosha mikono yote miwili, joho likafunguka kifuani kama pazia. "Sheria haina macho!" akanguruma. "Mtu mwenye nembo mbili ni msaliti! Taifa haliwezi kumvumilia mtu mwenye nembo mbili!"

"Mheshimiwa!" ikaja sauti ya mwenye bucha kutoka jukwaa la bluu. "Na mwenye tisa?"

Bwana Pazi akapuliza filimbi. "Fomu! Fomu ya kuuliza!" Lakini alichelewa. Jukwaa la kahawia lilishaanza kuhesabu, na la bluu likadakia, mara ya kwanza katika historia pande mbili kuimba wimbo mmoja. "Moja, Sufuria! Mbili, Mwavuli! Tatu, Pilipili! Nne, Sufuria kwa mara nyingine!" Walipofika Kandambili watu walikuwa wameshikana mabega wasianguke. Walipofika Kobe, mjumbe aliyelia kwa uzito wa hoja alikuwa chini ya meza.

Mheshimiwa, kwa mara ya kwanza tangu aingie siasa, akajitazama.

Akatazama muda mrefu. Akashika Pilipili kwa vidole viwili, akaivuta. Haikung'oka.

"Nani kashona hii?" akauliza, sauti imekuwa nyembamba.

Siwema akasimama. "Ni mimi, Mheshimiwa. Fomu haikujazwa chama. Nyuma imeniamuru nijaze kwa mujibu wa kumbukumbu nilizonazo. Kumbukumbu ndizo hizo. Ni mali yako mwenyewe, nilikutunzia. Sikuongeza hata uzi."

Bwana Pazi akaitoa nakala, akaisoma mbele, akaisoma nyuma, mara yake ya kwanza. Uso ukamng'aa. "Utaratibu umefuatwa!" akatangaza kwa fahari. "Muhuri ninao!"

Hapo ndipo unapomjua kiongozi aliyeiva. Mheshimiwa Kilangila alikohoa mara moja, akakiinua kidevu, akaanza kuhutubia. "Ndugu wananchi! Nembo ni nini? Ni kitambaa. Kitambaa ni nini? Ni pamba. Je, mmewahi kuona pamba ikimsaliti mtu?"

"Hapanaaa!" uwanja ukajibu kwa furaha.

"Tume imetafakari kwa kina. Imebaini kuwa aliyehama mara moja tu bado ni mwanafunzi katika fani hii. Huwezi kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hajalimudu. Kocha Mbaruku asamehewe. Mechi ichezwe. Waliohama mara nyingi wataendelea kutumika kama wataalamu."

Makofi yakavunja mabenchi mawili.

Jumamosi mechi ilichezwa. Sitawachosha. Radi wakatangulia, Kisiki wakasawazisha, na dakika ya themanini na nane mpira wa kona ukamkuta beki namba tatu, yuleyule wa kwenye fomu, akaupiga kwa goti, au kwa paja, ubishi wake unaendelea hadi leo na una fomu elfu sita. Goli! Mbili kwa moja. Siwema alipotupa mikono juu, kiti chake kilikwenda naye. Kocha Mbaruku hakurukaruka. Alikwenda kwanza kwenye benchi la Radi, akawapa mkono mmoja mmoja, kisha akarudi kwa vijana wake, akapiga magoti, akalia kwa kwikwi. Shomvi alikaa palepale hadi uwanja ukabaki mtupu. Siwema akamfuata, akakaa kando yake.

"Pole, mtani," akasema.

"Lilikuwa goti au paja?"

"Goti."

"Paja! Na daraja la pili tutawasubiri huko, mtarudi tu."

Siwema akacheka mpaka akashika mbavu. Alijua mtani wake amepona.

Jumatatu asubuhi gari jeusi lilisimama mbele ya baraza. Aliyeshuka ni Mheshimiwa Kilangila mwenyewe, bila fomu, joho mkononi. Nembo tisa bado zimo. Hakuzibandua, maana gazeti la Serikali liliandika kuwa ni nishani, na yeye hulisoma gazeti hilo kwa imani.

Kijiwe kikasimama. Siwema naye akasimama, jicho moja kwa mgeni, jingine kwa cherehani ya mama yake.

"Fundi," Mheshimiwa akasema kwa upole mkubwa, "watu hawajui tu. Mimi tangu tumboni mwa mama yangu ni Kisiki. Damu yangu kahawia. Nishonee nembo ya Kisiki hapa. Kubwa. Mbele."

Siwema akashusha pumzi. Akachukua utepe wake. Akapima kifua. Akapima bega la kulia, la kushoto, ubavu, mkono. Akaligeuza joho, akaligeuza tena, akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Mbele kumejaa, Mheshimiwa. Nafasi iliyobaki ni hii ya kukalia."

Mheshimiwa akafikiri. "Itaonekana?"

"Itaonekana vizuri sana," akasema Siwema, akitunga uzi kwenye sindano. "Wewe geuka tu uondoke, sote tutaiona."